Ombi la Kuihamishia Baladiya Barazani kwa Bi Tamima

Mtaa wa Juu, Falaj Sidra
Jumanne, Novemba 1998

Kwa Mheshimiwa Mudir, mkuu wa Baladiya yetu (halmashauri ya mji), Ustadh Thuwaini,

Assalaam alaykum. Shikamoo moja ya sasa hivi na nyingine za akiba, kwa sababu barua yenyewe ndefu. Mie ni Sleyum bin Hamdun, mjukuu wa Bi Tamima, yule kijana mwembamba aliyepanda juu ya paa lako mwaka jana akakutengenezea dishi mpaka ukaipata Cairo. Natumai Cairo bado inakuja safi. Ikitia chenga niite, nakuja na bisibisi yangu, hata kama baada ya barua hii utakuwa umenikasirikia.

Naandika Kiswahili makusudi. Za Kiarabu nshaleta mbili, moja jana na moja leo asubuhi. Zilipokewa vizuri, zikapigwa mhuri, na mpaka saa hii ya adhuhuri hazijajibiwa. Nikafikiri: Mudir kazaliwa Tabora, mama yake anazungumza naye Kiswahili mpaka leo, na nilipokuwa juu ya paa nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwenye simu, "Ndiyo mama. Nitaleta mama. Nimesahau mama, nisamehe." Mtu akiambiwa jambo kwa lugha hiyo hawezi kulipiga mhuri akaliweka. Itabidi ajibu.

Kisa chenyewe hiki. Jumamosi muhandis wenu, Majid, alikuja mtaani kwetu na futi yake ya chuma, akapima baraza ya Bibi, akaandika, akapima tena kama asiyeamini, kisha akatoa rangi ya kupuliza akachora eksi nyekundu ukutani, kubwa, nyuma ya migongo ya watu. Watu wenyewe walikuwa wamekaa. Akawaomba wainame kidogo. Wakainama. Kasema baraza imeingia njiani nusu mita na kidogo, ni mukhalafa, yaani kosa la kanuni, kuna mtu kashitaki, na Jumamosi inayokuja litatoka buldoza Ibra kuja kuivunja.

Kwa faida ya vijana wa ofisini kwako waliozaliwa huku na hawajui: baraza ni benchi la mawe na saruji lililoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba, kwa nje, linatazama njia. Hapa kwetu Oman mgeni anagonga geti, anafunguliwa, anaingizwa majlis, anakaa juu ya zulia. Kwenye baraza hagongi mtu. Unapita, unakaa, khalas, umeshakuwa mgeni. Babu yangu, Mungu amrehemu, alipotoka Unguja akajenga nyumba hii alianza na baraza. Milango ilikuwa bado kwa seremala. Mgeni wa kwanza alikaa nje akapewa kahawa, na ndani hamna hata dirisha.

Nani kashitaki? Majid hasemi. Eti siri ya kazi. Nimemuuliza kwa wema, nimemuuliza kwa ukali, nimemuuliza kwa halwa. Kaila halwa yote, siri kaondoka nayo, na sahani vilevile.

Na Bibi, mheshimiwa, Bibi ndiye anayenifanya nishike kalamu. Tangu siku ile hapati usingizi. Macho mekundu. Akikaa anasinzia. Mito ya baraza keshaiingiza ndani yote, mmoja mmoja, kimya kimya, kama anayekunja nguo za marehemu. Majid alipokuwa anafunga futi yake, Bibi alimsogelea akamuuliza kwa sauti ndogo, "Jumamosi hasa, baba? Haiwezekani Alhamisi?" Majid akamwambia, "Alhamisi na Ijumaa hatufanyi kazi, Bibi." Bibi akaguna, akaingia ndani. Sikia uchungu huo! Mtu kavunjika moyo mpaka hawezi hata kusubiri.

Basi mie nimeapa haivunjwi. Malalamiko yangu ninayaweka kwa nambari, kama inavyotaka kanuni ya saba kwenye ubao wenu wa matangazo. Nimeisoma yote, nimesimama juani na kamusi mkononi, na nadhani mie ndiye mtu wa kwanza.

La kwanza. Sote tunajua bei ya mafuta imeanguka. Kila usiku televisheni inaonyesha pipa na mshale unashuka, mpaka nimeanza kumwonea huruma yule msomaji wa habari. Baladiya inabana matumizi, na mie naiunga mkono kwa moyo wote. Taa za njia mnawasha moja mnaruka moja, sawa, tumezoea kutembea kwa mapande mapande. Lile dalla la duwara, pale mzunguko wa barabara, buli kubwa la kahawa lililokuwa likimimina maji kwenye kikombe kikubwa, mmelifunga maji, na kikombe kina kiota cha ndege. Sawa, ndege nao wakae. Chai ya ofisini mmeikata, na farrashi wenu, mzee wa watu mwenye kazi ya chai, anakaa kutwa anayatazama mabuli kama mtu aliyefiwa. Haya. Sasa nauliza kwa adabu: chai hakuna, dizeli ya buldoza kutoka Ibra mpaka hapa imetoka wapi? Kwenda kuvunja kitu kisichokula umeme, kisichotaka rangi, kisichoomba likizo?

La pili. Baraza inafanya kazi yenu, na inaifanya bure. Simu ya malalamiko ya baladiya ikifika saa nane na nusu mchana haipokelewi, mmekwenda kula. Barazani wanafungua alasiri na hawafungi mpaka isha. Dereva wa gari la maji anaanza kwa Bibi kabla hajakwenda popote, kwa sababu orodha yenu ya nyumba ilimpeleka kumwaga maji kwenye tangi la watu waliohamia Maskati zamani, na majirani zao wakakaa na ndoo. Bibi anamwambia, "Leo anza kwa Hiba, kaoga nusu." Anaanza kwa Hiba.

Takataka nazo. Nyinyi mmeweka kibao: Dumisha Usafi. Kibao kinatazamwa na nani? Bibi anakaa pale, mtu akitupa mfuko nje ya pipa anasikia, "Wee mtoto wa Rawya! Pipa limekukosea nini hata hulisogelei?" Mtaa mzima unageuka. Huyo hatarudia, na nduguze hawatarudia.

Na mbuzi! Baladiya inakamata mbuzi wazururaji, inawafungia uwani, wanakula majani ya serikali wakisubiri wenyewe. Bibi anawajua kwa sura. "Huyu wa Saud, tazama masikio. Yule anayechechemea muongo, mzima yule, kanunuliwa sokoni Sinaw Alhamisi, anajifanya kilema ili arudishwe." Na kweli tulimfuata nyuma ya msikiti, anakimbia kama farasi. Muhandis gani wenu angejua hilo?

La tatu. Eti hatari kwa magari. Mheshimiwa, gari moja tu limewahi kuigonga baraza ile, la jirani yetu Saud, naye alikuwa anarudi nyuma huku anatazama dishi lake jipya juu ya paa (hilo sikulifunga mie, ndiyo maana lilikuwa linahitaji kutazamwa). Baraza haikuumia. Saud akashuka akaitazama baraza, akatutazama sisi, tukamkaribisha kahawa, akanywa kwa hasira. Mie sisemi mshitaki ni Saud. Nimelelewa, simtaji mtu bila ushahidi. Nasema tu kwamba mshitaki ana Land Cruiser nyeupe, ndefu, na jina lake linaanza na Saud.

La nne. La nne nimelisahau, lakini lilikuwa kali sana. Likinirudia nitalileta ofisini kwa miguu.

La tano, na hili tafadhali lisome umekaa. Baraza ile ndiyo chuo changu. Skuli nilimaliza na alama za kunitoa mlangoni tu, za kuniingiza popote hazikutosha. Kufunga dishi nimejifunza pale, kwa mzee mmoja wa Bujumbura aliyekuwa akinichorea waya kwa kidole kwenye vumbi, na kwa kitabu cha Kijerumani ambacho nimekielewa kwa picha. Kiingereza cha redio nimekisikiliza pale. Kiswahili hichi unachokisoma nimekiokota pale, ndiyo maana kina makombo ya vitumbua. Mitaa mingine vijana wenzangu wanazungumza na bibi zao kwa kutikisa kichwa.

Na kazi, mheshimiwa! Kila mtu wa mtaa huu aliyepata kazi kaipata kwenye saruji ile. Hakuna aliyeomba. Kakaa karibu na mtu, mtu kasema neno, imetoka. Majid mwenyewe! Alikaa pembe ya kulia, karibu na bomba, katoka masomoni hana mbele hana nyuma, anakula vitumbua vya Bibi, mama yako mzazi Bi Rahila akasema, "Jamani, mwanangu Thuwaini anahangaika, hana muhandis." Majid akameza hata hajatafuna. Leo kaja na futi kupima kiti kilichompa hiyo futi.

Mie zamu yangu haijafika. Nimewaona wote wakipita: aliyekwenda benki, aliyekwenda jeshini, aliyekwenda bandarini Sur. Nasogea polepole kuelekea kwenye bomba. Sasa niko wa mbele kabisa, mheshimiwa, mbele yangu hakuna mtu, na nyinyi ndiyo mnataka kuvunja foleni na mie ndani yake! Nikisema Bibi ndiye atakayeumia nasema kweli, lakini haki ni haki: wa pili wake ni mie. Atabaki anatazama ukuta kwa ndani, nami nitabaki nautazama kwa nje.

La sita. Mama yako. Bi Rahila, Mungu ampe umri, anakuja barazani kila alasiri, ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anatusimulia. Anaanza na treni ya Tabora, inakwenda polepole, inasimama kila kituo, na kwenye kila kituo kuna kisa cha mtoto mmoja mdogo anaitwa Thuwaini. Mie sisemi kitu. Nataja tu maneno mawili, bata mzinga na kaptula, na nadhani mheshimiwa umenielewa. Visa hivyo sasa hivi tunavijua sisi wa Mtaa wa Juu tu, nasi ni watu wa siri. Baraza ikivunjwa, Bi Rahila atakaa wapi alasiri? Atakaa nyumbani kwake, yaani kwako, ndani ya majlis yako, na wageni wako wa Wizara wamekaa juu ya zulia, kikombe mkononi, hawana pa kukimbilia. Hilo si tishio, ni hesabu ya viti.

La saba, nalo ndilo ombi lenyewe. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Kama baraza inafanya kazi ya baladiya bila senti, na baladiya inataka kubana matumizi, mbona mnavunja kilicho rahisi mnaacha kilicho ghali? Vunjeni baladiya. Samahani, nimesema haraka. Hamisheni baladiya. Ije ikae barazani kwa Bibi.

Tazama faida zake. Ofisi yenu ina viyoyozi vinavyonguruma mchana kutwa. Baraza inatazama mashariki, ikifika adhuhuri jua limeshapita nyuma ya nyumba na kivuli ni cha Mungu. Farrashi atapata mabuli yenye kitu ndani, uso utamrudi. Wewe utakaa chini ya dirisha, ndiyo nafasi ya heshima, alikuwa akikaa Babu. Leseni za maduka upande wa bomba. Ruhusa za ujenzi upande wa mlango. Foleni haitakuwepo, kwa sababu foleni ni watu waliosimama, na pale kila mtu anakaa. Faini atatoza Bibi, naye hatozi pesa, anamtazama mtu akamwambia, "Mama yako angekuona leo!" Kuna mtu aliambiwa hivyo kwa kosa la kuegesha, akaenda kwa mguu mpaka Ramadhani.

Utasema Bibi hajui kusoma. Kweli hajui. Barua zangu mbili zilipokewa na watu wanaojua kusoma, na sote tunaona zilipofika.

Zikienea habari, watu wa Al Qabil watakuja kutazama, wa Ibra watafuata, wa Jalan watataka yao iwe ndefu zaidi, unawajua. Kila wilaya itakuwa na baraza yake. Wizara itaona aibu, itaacha lifti zake, itashuka ijenge baraza moja ndefu Maskati kufuata bahari, mawaziri wakae kwa mpangilio. Na hapo, mheshimiwa, nakuja kwenye mafuta.

Mwaka jana watoto wa mtaa wetu waliingia kwenye biashara ya kashata. Wote wanauza, kila mmoja anapunguza bei amshinde mwenziwe, mpaka kashata ikawa haina thamani, unapita unaitiwa, "Chukua tu, mjomba!" Sukari imekwisha, wanalia. Bibi akawaita wote barazani, akawapanga, akawaambia, "Kuanzia leo hakaangi mtu mpaka Ijumaa. Nikisikia harufu kwa yeyote nakuja." Ikafika Ijumaa, kashata ikapanda mpaka watu wazima wakaanza kupigania. Mie nasoma magazeti yote yanayofungiwa samaki, na naona hao wenye visima vya mafuta wanakutana, wanavunja mkutano, wanakutana tena, na kila mmoja akirudi kwao anakaanga kwa siri. Hawajaambiwa kwa sauti ile. Waleteni. Waje wakae barazani, wapewe kahawa ya tangawizi, waambiwe na Bibi. Bei ikipanda, mtawasha taa zote, dalla litamimina, na chai ya ofisi itarudi na maziwa. Yote hayo mnataka kuyaangusha kwa buldoza kwa ajili ya nusu mita na kidogo!

La nane, la mwisho. Kama pamoja na yote hayo mtavunja, sisi watu wa sheria, hatutatupa hata kijiwe. Tutahama kimya kimya siku hiyo hiyo, sote, na dele la kahawa la Bibi, na Bi Rahila mbele, tuje tukae kwenye ngazi za baladiya. Ngazi zenu nimezipima. Majid aliisahau futi yake kwetu. Zimeingia njiani mita nzima. Eksi sijachora. Rangi ninayo.

Nafunga hapa maana mkono umekufa ganzi. Msalimie mama yako, ingawa tutaonana naye alasiri. Msalimie farrashi, mwambie asivunjike moyo. Msalimie Majid, mwambie futi yake iko salama nasi tunasubiri sahani yetu. Wasalimie mbuzi walioko uwani, hasa yule mweusi, mwambieni Saud anajua yuko wapi, anajifanya tu hajui. Na dalla la duwara nalo, ukipita, lipungie mkono kwa niaba yangu.

Mie ninayengoja jibu lako nikiwa nimekaa palepale mlipochora,

Sleyum bin Hamdun
fundi wa madishi, redio, video, na lolote lenye waya

Nyongeza baada ya sahihi:

Mheshimiwa, limetokea jambo. Nilitaka kuileta barua kwa mbio kabla hamjafunga, nikasema kwanza nimsomee Bibi, anipe radhi. Nimemsomea yote, kwa sauti, kwa mikono. Kwenye mbuzi kacheka. Kwenye treni ya Tabora kacheka mpaka mtandio umedondoka. Nilipofika kwenye ngazi za baladiya kainuka, kafunga mlango. Mlango ule mchana haufungwi. Karudi, kanambia, "Sleyum, mshitaki ni mie."

Nimekaa chini. Kanambia alimnong'oneza Majid mwenyewe, wakati anammiminia kahawa, na akamwapisha asiseme. Kwa hivyo ile halwa yangu ilifika kwa mtu aliyekwisha kushiba.

Kasema: Babu alipofariki, watu wakaja kukaa naye asijisikie mpweke. Wema mtupu, Mungu awalipe. Ila hawakuondoka. Mpaka leo. Hajalala mchana tangu mazishi. Anakaanga, anachemsha, anaosha vikombe, anakaanga. Na Bi Rahila akianza Tabora (haya ni maneno yake, si yangu) hakuna anayeinuka mpaka treni ifike Kigoma. Na tangu ile eksi ichorwe imekuwa balaa zaidi, maana wanakuja kumpa pole! Wametoka Ibra, wametoka Sur na masinia, leo asubuhi gari mbili. Ndiyo macho mekundu. Ndiyo mito. Ndiyo Alhamisi. Nikamwambia, "Sasa Bibi, si ungewaambia tu waende?" Akanitazama kama nimetukana. "Mie nimfukuze mgeni? Mie? Serikali ndiyo ifukuze. Serikali haikulelewa na mtu."

Basi, mheshimiwa, naiondoa barua hii yote, kuanzia la kwanza mpaka la nane, pamoja na la nne nikilikumbuka. Karatasi nyingine safi sina, ndiyo maana naileta ilivyo. Saud namwomba radhi, na nitamtazamia dishi lake bure. Kuhusu majlis yako na kaptula, pole sana, hapo siwezi kukusaidia, ila nakuomba Bi Rahila asijue lolote. Njooni mvunje. Mje na sura kali. Dereva wa buldoza asikubali kahawa, akikubali ataketi. Bibi atalia kidogo mbele za watu, msirudi nyuma, keshaniahidi ni kidogo tu.

Ila kipande kimoja kiacheni. Kile cha mlangoni, mkikipunguza ubavu hakiingii njiani, nimekipima mara mbili kwa futi ya Majid. Kinakaa watu wawili wembamba. Mmoja Bibi. Nikamuuliza wa pili nani, na hiyo zamu yangu je, na foleni yangu, mbona hakunifikiria? Akasema, "Wa pili wewe, mpumbavu, kwani wewe mgeni? Kaa na mie mpaka upate kazi."

Kwa hivyo, mheshimiwa, kazi ikitokea pale kwenu nikumbuke. Lakini hakuna haraka.

S.